Kusawazisha kabureta mbili za pikipiki ya silinda mbili: mwongozo kamili kwa wanaoendesha Tanga

Maswali yanayoletwa na wenye Kawasaki W650, Triumph Bonneville za kabureta na Yamaha XS650 yanafanana sana. Pikipiki inatetemeka ikiwa sailensa, yaani injini inazunguka bila kuvuta resi, mpaka vioo havionyeshi kitu. Ukiachia resi, bomba la moshi linapiga pa-pa-pa. Ukisimama, inazima. Fundi ameifanyia sevisi, plagi zimebadilishwa, jeti (vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli) zimesafishwa, na tatizo liko palepale.

Ukiuliza zaidi, unakuta karibu kila mmoja amepandisha sailensa ili isizime, na hakuna aliyepima mvuto, yaani nguvu ya injini kunyonya hewa, wa kabureta moja dhidi ya nyingine. Hapo ndipo kazi inapokwama.

Mafundi wetu wa Ngamiani ni hodari. Wanaifungua Boxer na kuifunga ukiwa hujamaliza chai. Lakini wamezoea silinda moja na kabureta moja, ambapo sikio linatosha. Kwenye silinda mbili sikio linasikia wastani: upande mmoja ukifanya kazi zaidi na mwingine ukizembea, mlio unaweza kuwa mzuri kabisa huku injini ikifanya kazi kwa mguu mmoja. Kabureta mbili hazisawazishwi kwa sikio. Hupimwa, na kipimo chake unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa vitu vya dukani hapa mjini.

## Kwanza hakikisha pikipiki yako ni ya kabureta

Bonneville ziliingia kwenye mfumo wa sindano za mafuta kuanzia 2008, na kiwanda kilizipa bodi za sindano umbo linalofanana na kabureta. Wengi wanadanganyika kwa macho. Kawasaki W800 iliyotoka 2011 na Royal Enfield Interceptor 650 nazo ni za sindano. Kama yako iko kundi hilo, usiguse skrubu zilizopakwa rangi kiwandani. Sailensa yake inaongozwa na kompyuta, na mwongozo huu haukuhusu.

## Vifaa

- Mpira mweupe unaopitisha mwanga, mita 6. Ni wa aina ile ile wanayotumia mafundi ujenzi kupimia levo ya maji, ila chagua mwembamba, wenye tundu la milimita 5 au 6.
- Oili ya tu-stroki, kikombe kidogo cha chai kinatosha. Ndiyo ile wavuvi wa Deep Sea wanayochanganya na petroli ya mashine za boti. Ina rangi, kwa hiyo inaonekana vizuri ndani ya mpira.
- Ubao wa mita 2 na vibanio au waya wa kufungia.
- Jeti kuu mbili kuukuu zenye namba inayofanana, kutoka kwenye mabaki ya kabureta za bodaboda.
- Tangi dogo la jenereta lenye koki, au chombo kingine kinachovumilia petroli, pamoja na mpira wake wa mafuta.
- Fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi ya vali), bisibisi ndefu nyembamba, spana, na soketi ya plagi.
- Feni ya umeme.
- Kizimamoto cha unga. Kama huna, azima kabla hujaanza.
- Kitabu cha matengenezo cha pikipiki yako, kwa ajili ya kipimo cha nafasi ya vali.

Kuna wanaouliza kama maji yanaweza kushika nafasi ya oili. Hapana. Mpira ukichomoka upande mmoja, injini itavuta kilichomo ndani ya sekunde chache. Oili kidogo itaungua na kutoa moshi, basi. Maji yatabaki kwenye silinda na kuanza kula chuma, na kwa unyevu wa Tanga hiyo ni kazi ya usiku mmoja. Mafuta ya breki ndiyo mabaya zaidi, yanaharibu rangi.

## Hatua ya 1: Jua kama tatizo ni usawa kweli

Washa injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi. Iache ikae sailensa kama dakika moja, kisha dondoshea matone ya maji kwenye bomba la moshi la kulia na la kushoto, karibu na kichwa cha injini.

Tone likichemka na kuruka upande mmoja, na upande wa pili likateremka taratibu likiacha mstari wa maji, silinda hiyo ya pili haifanyi kazi yake sailensa. Usiende kwenye kipimo bado. Silinda iliyolala kabisa kwa kawaida ina plagi mbovu, kofia ya plagi iliyoingia maji, au jeti ndogo iliyoziba.

Mabomba yote mawili yakichemsha, lakini pikipiki bado inatetemeka na kupigapiga, hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba ni usawa. Endelea.

## Hatua ya 2: Weka sawa kila kitu kabla ya kabureta

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowarudisha mwanzo. Kabureta zikisawazishwa juu ya vali zilizobana, utakuwa umeficha kosa moja kwa kosa lingine.

Vali. Pima injini ikiwa imelala usiku kucha, kwa vipimo vya kitabu chako. W650 ina vali 8 na hurekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo mwenye subira anaifanya nyumbani. Bonneville inatumia shimu, vile visahani vya unene tofauti. Hapo tafuta fundi aliyewahi kuzishika, maana kupata shimu sahihi huku kwetu kunahitaji kuagiza.

Plagi. Kabla ya kuzifungua, puliza mchanga ulioko kwenye mashimo yake. Vumbi la njia ya Pangani likiingia ndani ya silinda halitoki bila kuacha alama. Weka plagi mbili za aina moja, zenye umri mmoja.

Raba za manifoldi. Hizi ndizo zinazounganisha kabureta na injini. Pikipiki nyingi za aina hii zimeshafika kwetu zikiwa na umri mkubwa, na jua linaongezea. Zikunje kwa kidole uangalie nyufa. Ukiwa na shaka, paka maji ya sabuni kuzunguka raba injini ikiwa baridi na iko sailensa: mlio ukibadilika, au povu likivutwa ndani, hewa inapita hapo. Usipulize dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini yenye moto. Inawaka.

Chujio la hewa. Safi na kavu, pande zote mbili.

Waya wa resi. Uwe na mchezo mdogo, milimita 2 hadi 3 kwenye mkono. Geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Sailensa ikipanda unapogeuza, waya umepita vibaya, na hutasawazisha chochote mpaka uupange upya.

Petroli. Fungua skrubu za chini ya vikombe vya kabureta, kinga kwenye glasi safi. Ukiona maji yametulia chini ya petroli, au mchanga wa kahawia, kuna kutu ndani ya tangi. Pikipiki iliyolala nusu tangi miezi ya masika hufanya hivyo, kwa sababu hewa ya pwani inaacha umande ndani ya bati lisilofunikwa na mafuta.

Na kama jeti zimeziba, zisafishe kwa dawa na hewa. Kuna tabia ya kupitisha waya wa breki ndani ya jeti ndogo. Shaba ni laini. Ukiikwaruza, tundu linapanuka upande mmoja, na kabureta zako hazitakuwa pacha tena hata ungefanya nini na skrubu.

Utajua umefanikiwa: vali ziko ndani ya kipimo, vikombe vimetoa petroli safi, sailensa haibadiliki unapogeuza usukani.

## Hatua ya 3: Tengeneza kipimo

Simamisha ubao. Kunja mpira mweupe katikati, ufanye umbo la U ambalo tumbo lake liko chini ya ubao na miguu yote miwili inapanda hadi juu, mita 2 kila upande. Itabaki mita moja kila ncha ya kufika kwenye kabureta. Funga mpira vizuri, miguu ikiwa sambamba na karibu karibu ili uweze kulinganisha kwa jicho.

Mimina oili mpaka ipande kama sentimita 50 kila mguu. Usijaze zaidi. Nafasi tupu iliyobaki juu ndiyo usalama wako, kwani oili ina mahali pa kupanda kabla ya kufika kwenye injini.

Gongagonga mpira ili viputo vya hewa vitoke, uache ubao umesimama kwa muda. Oili ikitulia, miguu yote miwili lazima iwe levo moja. Chora mstari hapo.

Sasa sukuma jeti moja ndani ya kila ncha, sentimita chache kutoka mwisho. Injini haivuti mfululizo, inavuta kwa mapigo, na bila jeti hizi oili itarukaruka usiweze kusoma kitu. Lazima ziwe na namba inayofanana. Kazi ya pili ya jeti ni kukupa muda: mpira ukichomoka, oili itapanda polepole, na utawahi kuzima.

## Hatua ya 4: Ondoa tangi, ning'iniza tangi dogo

Skrubu ya usawa iko kati ya kabureta mbili, na kwa pikipiki nyingi huifikii bila kutoa tangi. Funga koki, chomoa mpira, toa tangi na uliweke kivulini mbali na unapofanyia kazi.

Ning'iniza tangi dogo juu zaidi ya kabureta, likiwa na nusu lita tu. Kagua viungio vyote kwa kidole kikavu. Kama kuna tone, simama hapo urekebishe.

Fanyia kazi nje, chini ya mwembe au barazani penye upepo. Moshi wa injini ndani ya chumba kilichofungwa unaua bila kunusa kitu. Hakuna anayevuta sigara, hakuna jiko la mkaa jirani, na watoto wakae mbali.

Weka feni mbele ya injini. Injini hizi zinapozwa na hewa, na pikipiki iliyosimama haina hewa. Hata ukiwa na feni, usiiache inguruma zaidi ya dakika tano mfululizo. Zima, ipumzike, endelea.

## Hatua ya 5: Unganisha

Kila kabureta, au manifoldi yake, ina kibomba kidogo cha mvuto kilichofunikwa na kofia ya raba. Toa kofia zote mbili, chomeka ncha za mpira, funga kwa vibanio. Kama tundu la mpira ni pana mno, tumia kipande kifupi cha mpira wa mafuta kama kiungo.

Baadhi ya pikipiki hutumia kibomba kimoja kuvutia koki ya mafuta. Kwa kuwa unatumia tangi dogo, mpira huo uchomoe, na kibomba chake ukitumie kwa kipimo.

Zikague hizo kofia za raba ulizotoa. Zikiwa zimepasuka, umeshapata sehemu ya ugonjwa: hewa ilikuwa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Nunua mpya, usizibe kwa gundi.

## Hatua ya 6: Pasha injini, soma

Endesha pikipiki mpaka ipate moto kabla ya kutoa tangi, au ipashe hapo hapo ukiwa na feni. Choki iwe imezimwa kabisa. Sailensa ikae pale kitabu kinaposema. Kwa nyingi za aina hii ni karibu mizunguko 1,000 kwa dakika.

Washa huku kidole kiko kwenye swichi ya kuzimia. Oili itaanza kupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ikipanda kwa kasi kuelekea juu ya ubao, zima mara moja. Ama mpira mmoja umechomoka, ama tofauti ni kubwa mno. Nenda kwenye sehemu ya kukwama hapa chini.

Oili inapanda upande unaovuta zaidi. Watu wengi wanaelewa hili kinyume. Upande unaovuta zaidi ndio ambao kipepeo chake, kile kisahani cha shaba kinachofungua njia ya hewa, kimefungwa zaidi. Ndio unaofanya kazi kidogo. Kwa hiyo unataka kuufungua huo kidogo, au kuufunga kidogo ule mwingine.

## Hatua ya 7: Zungusha skrubu ya usawa

Zungusha kidogo sana, moja ya nane ya mzunguko. Kisha pandisha resi kidogo, achia, subiri oili itulie, soma tena. Kupandisha na kuachia kunafanya viungo vikae mahali pake. Ukisoma bila kufanya hivyo, kipimo kitabadilika mara tu utakapoondoka.

Oili ikizidi kuachana, geuza upande wa pili.

Toa mkono kwenye bisibisi kabla ya kusoma. Uzito wa bisibisi pekee unaweza kusukuma kiungo, na ukiitoa tu oili inahama.

Je, usawa wa kiasi gani unatosha? Vitabu vingi vya Kawasaki huruhusu tofauti ya hadi sentimita 2 za zebaki. Oili ni nyepesi kuliko zebaki zaidi ya mara 15, hivyo tofauti hiyo kwenye ubao wako ni kama sentimita 30. Ndiyo maana kipimo hiki cha mpira, pamoja na bei yake ndogo, kinaona vitu ambavyo saa za kupimia mvuto za bei ya chini hazioni. Ukifika ndani ya sentimita 3 umefanya vizuri kuliko kitabu kinavyodai. Usihangaike kutafuta sifuri. Oili haitatulia kabisa, itapumua juu na chini kidogo, na hiyo ni afya.

Kisha shikilia resi kwenye mizunguko 3,000 hivi, usome tena. Tofauti isikue sana.

Utajua umefanikiwa: mtetemo unapungua mikononi hapo hapo, na sailensa inapanda yenyewe bila kuguswa, kwa sababu silinda iliyokuwa ikiburuzwa sasa inasukuma. Ishushe kwa skrubu kubwa ya sailensa hadi kipimo cha kitabu. Ishushe kweli, hata kama umezoea mlio wa juu.

## Hatua ya 8: Skrubu za mchanganyiko, na ziguswe mwisho

Skrubu hizi za shaba ndizo fundi wa Boxer anazikimbilia kwanza. Ziache mpaka usawa umekamilika, na kama sailensa imetulia baada ya hatua ya 7, usiziguse kabisa.

Ukilazimika, hesabu kwanza: funga moja taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, uandike, uirudishe. Usiikaze chini, ncha yake ni nyembamba na inavunjika.

Jua pia unashika skrubu ya aina gani. Iliyoko upande wa injini hupima mafuta, na kuifungua kunaongeza mafuta. Iliyoko upande wa chujio hupima hewa, na kuifungua kunapunguza ukali wa mafuta. Geuza robo kwa robo, upande mmoja, mpaka injini inguruma kwa kasi yake ya juu zaidi. Rudisha sailensa chini. Fanya upande wa pili. Ukimaliza, rudia kusoma kipimo, maana skrubu hizi zinahamisha usawa.

## Ukikwama

Oili inaruka na haisomeki. Jeti ulizoweka zina tundu kubwa. Tafuta ndogo zaidi, au bana mpira kidogo, pande zote kwa kiasi kile kile.

Tofauti ni kubwa tangu mwanzo, hasa kama kabureta zilifunguliwa. Zima. Toa kabureta, uangalie vipepeo kwa mwanga wa jua. Pitisha waya mwembamba chini ya kipepeo cha kwanza mpaka ushikwe kidogo, kisha rekebisha cha pili kiushike waya ule ule vivyo hivyo. Hapo utakuwa karibu vya kutosha kuanza na kipimo.

Sailensa iko sawa, lakini kwenye 3,000 oili inaachana. Kwenye kabureta zenye raba nyembamba ya juu inayonyanyua bomba la kati, shuku raba hiyo. Itoe, ielekeze kwenye jua, itanue taratibu. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kuifanya silinda moja ichelewe. Raba hiyo haizibwi, inabadilishwa.

Juu iko sawa, sailensa haikubali. Raba ya manifoldi inavuja, vali imebana, au jeti ndogo ya upande mmoja haijasafishika. Rudi hatua ya 2 bila kinyongo.

Skrubu imefika mwisho na bado haijalingana. Acha. Pima mgandamizo wa kila silinda. Hakuna skrubu inayorudisha pete za pistoni zilizochoka.

## Hatua ya 9: Funga na ujaribu barabarani

Zima, subiri ipoe, chomoa mipira, rudisha kofia za raba na mpira wa koki kama upo. Kusahau kofia moja kunafuta kazi yote. Rudisha tangi, fungua koki, ukague uvujaji kabla ya kuwasha.

Kwa majaribio chukua njia ya kwenda Muheza. Kabla ya kufika Pongwe kuna vijiji vyenye vibao vya 50, na hapo ndipo penye mtihani: shikilia gia ya tatu kwenye mwendo huo, resi ikiwa imefunguliwa kidogo tu. Kabureta zisizo sawa hufanya pikipiki isite na kusukuma, isite na kusukuma. Zikiwa sawa, inakwenda kimoja, na huhitaji kucheza na klachi. Achia resi kabisa kwenye mteremko. Mlipuko mmoja mdogo wa mbali si kitu, ila mfululizo wa pa-pa-pa unaonyesha hewa bado inaingia mahali.

Ukirudi, fungua plagi zote mbili uziweke kando kwa kando. Unatafuta rangi ya kahawia hafifu inayofanana. Moja nyeupe na nyingine nyeusi, kuna jambo limebaki kwenye mafuta, si kwenye usawa.

Rudia kipimo kila unaporekebisha vali, kila unapofungua kabureta, na unapobadilisha raba za manifoldi. Nje ya hapo, kama hakuna aliyeishika skrubu ile, usawa hukaa muda mrefu. Wanaoishi Raskazone na kwingine penye hewa ya chumvi wapulizie mafuta mepesi kwenye viungo vya resi mara kwa mara, kwa sababu springi ikianza kutu, kipepeo kimoja hakirudi hadi mwisho, na dalili zote zinarudi bila skrubu kuguswa. Ubao wako ukunje ncha za mpira na kuzifunga kwa waya, uutundike wima, na oili ile ile itatumika tena.